Kamongo na Maji Yenye Oksijeni Haba: Historia ya Maarifa Kuhusu Samaki Mwenye Mapafu wa Ziwa Victoria, 1837–2002

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna maarifa ya kisayansi kuhusu kamongo, samaki mwenye mapafu wa Ziwa Victoria, yalivyojengwa tangu samaki wa jamii yake walipoanza kujadiliwa na wanasayansi wa Ulaya mwaka 1837 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Hoja kuu ni kwamba kwa takriban karne moja wataalamu walishughulikia zaidi maswali mawili: kiumbe huyu ni samaki au si samaki, na anawezaje kuishi maji yanapokauka? Swali la tatu, yaani anawezaje kuishi katika maji yasiyokauka lakini yenye oksijeni haba, lilichelewa kupewa uzito, ingawa ndilo linaloeleza maisha ya kila siku ya kamongo wa ziwa hili. Makala inaonesha jinsi swali hilo lilivyopata nafasi yake na jinsi majibu yake yalivyobadili namna ya kukitazama kinamasi cha mafunjo: kutoka ardhi iliyodhaniwa kuwa haina kazi hadi makazi na kimbilio la samaki.

1.0 Utangulizi

Katika kingo nyingi za Ziwa Victoria, mahali ambapo maji hukutana na nchi kavu hapaonekani wazi. Kati ya hivyo viwili umetanda ukanda wa mafunjo, ambao mizizi yake hufumana na kufanya mkeka mzito unaoelea. Chini ya mkeka huo maji ni meusi na yametulia. Upepo hauyafikii kuyakoroga, jua haliyafikii kuwezesha mimea midogo ya majini kutoa oksijeni, na majani yanayooza huitumia hata ile kidogo iliyopo. Ndiyo maana katika vilindi vya kinamasi kiwango cha oksijeni mara nyingi huwa chini ya miligramu 1 kwa lita, ilhali maji ya joto la nyuzi 25 yaliyoshiba hewa huwa na takriban miligramu 8.

Humo ndimo anamoishi na kuzaliana kamongo, anayefahamika kisayansi kama Protopterus aethiopicus. Ni samaki mrefu mwenye umbo linalokaribia la mkunga, mapezi membamba kama nyuzi, na mwili unaoweza kufikia urefu wa mita 2. Wajaluo humwita kamongo, jina ambalo limeenea pia katika Kiswahili cha kandokando ya ziwa. Waganda humwita mamba, na ukoo mmoja mkubwa wa Buganda humheshimu kama mwiko wake, hivyo wanaukoo hawamli. Kiongozi wa ukoo huo, mwenye cheo cha Gabunga, kwa desturi ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitumbwi ya Kabaka. Kwa hiyo, kamongo alikuwa na nafasi katika lugha, mlo na siasa za watu wa ziwa kabla ya kuandikwa katika jarida lolote la sayansi.

Makala hii inayasoma machapisho ya kisayansi kama nyaraka za historia. Haikusudii kupima tu nani alipatia na nani alikosea. Inauliza ni swali gani liliulizwa katika kila kipindi, kwa nini liliulizwa, na ni jambo gani lilibaki gizani kwa sababu ya swali hilo.

2.0 Samaki au Reptilia? Mjadala wa Uainishaji, 1837–1870

Mjadala ulianzia mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 1837 Leopold Fitzinger wa Vienna alitangaza kiumbe kipya, Lepidosiren paradoxa, kutokana na vielelezo vilivyoletwa na Johann Natterer kutoka Brazili. Kwa kuwa kiumbe huyo alikuwa na mapafu, Fitzinger alimweka miongoni mwa reptilia, kundi ambalo kwa wakati huo lilijumuisha pia wanyama tunaowaita leo amfibia. Miaka 2 baadaye, mwaka 1839, Richard Owen wa London alieleza kiumbe wa jamii hiyo aliyetoka Mto Gambia, ambaye leo anaitwa Protopterus annectens. Owen alishikilia kwamba huyo ni samaki.

Hoja ambayo Owen aliitegemea zaidi inastahili kuangaliwa kwa makini. Hakuitoa katika mapafu, bali katika pua. Kwa maoni yake, pua ya samaki ni kifuko kilichofungwa kwa ndani, wakati pua ya reptilia hufunguka kuelekea kinywani. Aliamini kwamba pua ya kielelezo chake ilikuwa imefungwa. Mwaka 1840 Theodor Bischoff alionesha kuwa pua ya Lepidosiren ina matundu yanayofunguka ndani ya kinywa, naye akamhesabu kiumbe huyo kuwa amfibia. Hivyo basi, Owen alifikia hitimisho ambalo sayansi ya leo inalikubali, lakini kwa kutumia ushahidi ambao haukudumu.

Vielelezo viliendelea kukusanywa. Mwaka 1844 Wilhelm Peters alieleza spishi ndogo kutoka Quelimane, Msumbiji, ambayo leo inajulikana kama Protopterus amphibius. Mwaka 1851 Johann Jakob Heckel aliipa jina Protopterus aethiopicus spishi ya Mto Nile Mweupe, ambayo ndiyo hiyo ya Ziwa Victoria. Mwaka 1870 Gerard Krefft alitangaza samaki mwenye pafu wa Queensland, Australia. Ugunduzi huu wa mwisho ulisaidia kutuliza ubishi, kwa kuwa samaki huyo wa Australia ana magamba makubwa, mapezi mapana na matamvua yanayofanya kazi vizuri, na alifanana na visukuku vya meno vilivyokwisha kujulikana.

Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1859, Charles Darwin alimtaja Lepidosiren miongoni mwa viumbe wanaokaribia kustahili kuitwa visukuku hai. Darwin pia alidhani kwamba mapafu yalitokana na kibofu cha hewa cha samaki. Watafiti waliofuata waligeuza mpangilio huo: pafu ndilo la kale zaidi, na kibofu cha hewa cha samaki wengi wa leo ni zao la pafu lililobadilika matumizi.

Mjadala wote huu ulifanyika juu ya maiti zilizohifadhiwa katika chupa. Kielelezo kilichokufa kinaweza kuonesha kwamba mnyama ana mapafu. Hakiwezi kuonesha ni lini anayatumia, wala maji aliyotolewa yalikuwa ya namna gani. Kwa hiyo makazi ya kamongo hayakuwa na nafasi kubwa katika ubishi huo. Aidha, wavuvi waliojua pa kumpata samaki huyo, na ambao bila wao vielelezo vingi visingepatikana, hawakuhesabiwa kuwa washiriki katika mjadala.

3.0 Nguvu ya Nadharia ya Ukame

Kuelekea mwisho wa karne ya 19 watafiti walianza kumfuata samaki mahali anapoishi. John Graham Kerr na John Samuel Budgett walikwenda katika vinamasi vya Chaco, Paraguai, mwaka 1896 na 1897 kuchunguza ukuaji wa Lepidosiren. Baadaye Budgett alifanya safari za utafiti barani Afrika na akaeleza viota vya Protopterus nchini Gambia. Alifariki mwaka 1904 kutokana na malaria aliyoipata katika safari hizo, akiwa bado kijana. Kazi yake ilithibitisha kwamba elimu ya samaki hawa isingekamilika bila kuingia kinamasini.

Hata hivyo, jambo lililowavutia wengi zaidi lilikuwa uwezo wa samaki hawa kustahimili kiangazi. Protopterus annectens wa Afrika Magharibi, maji yanapokauka, huchimba shimo katika tope, hujikunja, kisha hutoa ute unaokauka na kuwa kifuko kinachomzunguka mwili mzima isipokuwa tundu dogo la kuvutia hewa. Madongoa ya udongo yenye samaki hai ndani yake yalisafirishwa hadi Ulaya, na watu walishangaa kumwona samaki akiamka baada ya kutiwa majini.

Maajabu hayo yaliungana na nadharia kubwa zaidi. Mwaka 1916 mwanajiolojia Joseph Barrell wa Marekani alipendekeza kwamba uvutaji wa hewa kwa mapafu ulianza katika nyakati za kale zilizokuwa na ukame wa majira, ambapo mito na mabwawa yalipungua na kuchafuka. Baadaye Alfred Romer aliieneza picha ya samaki waliolazimishwa na mabwawa yanayokauka kuelekea nchi kavu. Katika maelezo yaliyowafikia wasomaji wengi, ukame ukawa mhusika mkuu wa historia ya uti wa mgongo.

Ni katika mazingira hayo ya kifikra ambapo Homer W. Smith, mtaalamu wa figo kutoka New York, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1928 kumtafiti kamongo wa Ziwa Victoria. Smith alirudi Marekani na samaki hai na kuwalaza katika tope lililokauka. Matokeo yake, yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1930, yalikuwa ya thamani kubwa. Alionesha kwamba wakati wa usingizi wa kiangazi matumizi ya oksijeni hushuka hadi sehemu ndogo ya kawaida, na kwamba samaki huacha kutoa amonia, ambayo ni sumu inayohitaji maji mengi kuondolewa, na badala yake hulimbikiza urea mwilini. Baadhi ya samaki wake walistahimili hali hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1932 alichapisha riwaya yenye jina Kamongo, iliyojengwa juu ya mazungumzo ya mwanasayansi na kasisi ndani ya meli kuhusu maana ya uhai.

Kwa mtazamo wa makala hii, kazi ya Smith ina utata unaofundisha. Spishi aliyoichagua ni ya ziwa la kudumu. Kamongo wa Ziwa Victoria ana uwezo wa kulala katika tope, na majaribio ya Smith yalithibitisha hivyo, lakini ziwani kwenyewe hafanyi hivyo ila kwa nadra, kwa sababu maji yake hayakauki. Smith alipata jibu sahihi la swali ambalo samaki wale hawakulazimika kulijibu mara kwa mara walikotoka. Vilevile, riwaya yake ilichukua jina la samaki kutoka katika lugha ya wenyeji na kulipeleka kwa wasomaji wa Marekani, lakini wenye jina hawakusafiri nalo kama wajuzi.

4.0 Kutoka Ukame Hadi Uhaba wa Oksijeni

Mabadiliko ya swali yalitoka kwa watafiti waliopima maji kabla ya kumpima samaki. G. S. Carter na L. C. Beadle walifanya utafiti katika Chaco ya Paraguai kati ya mwaka 1926 na 1927, na matokeo yao yalitoka mwanzoni mwa miaka ya 1930. Waligundua kwamba maji ya vinamasi vile yalikuwa na oksijeni kidogo mno hata pale yalipokuwa mengi, na kwamba spishi kadhaa za samaki waliomo zilikuwa na viungo vya kuvuta hewa. Kwao, msukumo mkuu wa uvutaji hewa ulikuwa uhaba wa oksijeni ndani ya maji. Ukame ungeweza kuongeza makali ya uhaba huo, lakini haukuwa sharti lake.

Beadle alilileta swali hilo Afrika Mashariki. Alishiriki katika msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliochunguza maziwa ya Afrika Mashariki mwaka 1930 na 1931, na baadaye akawa profesa wa zuolojia katika Chuo cha Makerere. Carter naye alichapisha mwaka 1955 utafiti kuhusu vinamasi vya mafunjo vya Uganda. Wakati huohuo taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Jinja mwaka 1947, iliwapa watafiti nafasi ya kukaa kando ya ziwa kwa miaka. Mmoja wao, P. H. Greenwood, alichapisha mwaka 1958 uchunguzi wa uzazi wa kamongo. Alionesha kuwa viota hujengwa katika kinamasi, kwamba dume hukilinda kiota, na kwamba watoto huanza maisha wakiwa na matamvua ya nje yanayofanana na manyoya.

Tofauti ya kipindi hiki na vilivyotangulia ni ya kimbinu. Kipimo cha oksijeni kilipotumbukizwa chini ya mafunjo, kinamasi kiliacha kuwa mandhari ya nyuma ya picha na kikawa sehemu ya maelezo.

5.0 Mwili Uliojengwa kwa Maji Haba ya Oksijeni

Mwaka 1968 Claude Lenfant na Kjell Johansen walichapisha uchunguzi wao wa upumuaji wa kamongo. Walibaini kwamba kamongo mzima hupata takriban asilimia 90 ya oksijeni yake kutoka hewani kupitia mapafu, ilhali sehemu kubwa ya kabonidioksaidi hutoka kupitia matamvua na ngozi kuingia majini. Matokeo haya yanaonesha mgawanyo wa kazi unaolingana na tabia ya gesi zenyewe. Lita moja ya hewa ina takriban mililita 210 za oksijeni. Lita moja ya maji yaliyoshiba hewa katika joto la ziwa ina takriban mililita 6. Kabonidioksaidi, kwa upande wake, huyeyuka majini kwa urahisi. Hivyo kamongo huchukua oksijeni palipo nayo nyingi na huachia kabonidioksaidi panapoipokea vyema.

Umbo la matamvua yake linaeleza jambo jingine. Katika samaki wa kawaida damu yote hulazimika kupita katika matamvua kabla ya kusambaa mwilini. Mpango huo ungekuwa hatari kinamasini, kwa sababu damu iliyojaa oksijeni ikipita karibu na maji yasiyo na oksijeni, oksijeni ingevuja kutoka kwenye damu kwenda majini. Kamongo hana vitamvua katika baadhi ya mifupa tao ya matamvua, na mishipa iliyoko hapo hupitisha damu moja kwa moja. Matamvua madogo, ambayo mtazamaji wa vielelezo vya chupani angeweza kuyaona kama dalili ya kudhoofika, ni kinga dhidi ya hasara hiyo.

Faida hiyo ina gharama. Kamongo mzima hawezi kuishi kwa kutegemea maji peke yake. Akizuiwa kufika juu hufa kwa kukosa hewa, hata kama amezungukwa na maji pande zote. Kila safari ya kwenda juu humtoa mafichoni na kumweka wazi kwa ndege, kwa wanyama na kwa wavuvi.

Kamongo si wa pekee katika makazi haya. Kambare ana kiungo chenye matawi juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa. Furu wa kinamasini hawana mapafu, lakini hupanda na kuvuta tabaka jembamba la maji ya juu kabisa linalogusana na hewa. Katika spishi Pseudocrenilabrus multicolor, Lauren Chapman na wenzake walionesha kwamba samaki wa vinamasini wana matamvua yenye eneo kubwa kuliko wenzao wa maji yenye oksijeni nyingi. Uhaba uleule umejibiwa kwa njia tofauti: kamongo alipunguza matamvua na kutegemea hewa, na furu aliyapanua ili kukusanya kidogo kilichopo majini.

6.0 Kinamasi Kama Kimbilio

Umuhimu wa elimu hii ulijitokeza kwa namna ambayo Carter na Beadle hawangeweza kuitabiri. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 idadi yake iliongezeka ghafla. Furu, waliokuwa na mamia ya spishi, walianguka. Inakadiriwa kwamba takriban spishi 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Sangara alipandikizwa pia katika Ziwa Nabugabo, ziwa dogo la Uganda lililotengwa na Ziwa Victoria kwa ukingo wa mchanga. Huko ndiko Chapman na wenzake walikochapisha, mwaka 1996, matokeo yaliyoonesha kwamba kingo za kinamasi zilikuwa kimbilio la samaki wa asili. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, hivyo hawezi kukaa muda mrefu katika maji ya mafunjo. Uhaba uliodhaniwa kuwa kasoro ya maji hayo uligeuka ukuta wa kuwalinda wanaoweza kuuvumilia.

Ni lazima kutofautisha hapa aina mbili za uhaba. Uhaba wa kinamasini ni wa kale, na viumbe wake wameuzoea kwa vizazi vingi. Uhaba uliotanda katika maji ya kina ya Ziwa Victoria kadiri karne ya 20 ilivyoelekea ukingoni, kutokana na rutuba nyingi iliyoingia kutoka mashambani na mijini, ni wa karibuni na umewanyima samaki sehemu ya makazi yao. Kusifu uwezo wa kamongo hakumaanishi kuhalalisha uchafuzi wa ziwa.

Kamongo mwenyewe hakusalimika. Mwaka 2002 P. C. Goudswaard, Frans Witte na Lauren Chapman walichapisha uchambuzi wa kupungua kwake katika Ziwa Victoria, wakitumia kumbukumbu za uvuvi zikiwemo za Ghuba ya Mwanza. Miongoni mwa mambo waliyoyahusisha na upungufu huo ni kugeuzwa kwa vinamasi kuwa mashamba na kuvuliwa kwa wazazi wanaolinda viota. Jambo hili la pili lina uchungu wake: dume anayebaki na kiota ndiye anayepatikana kwa urahisi, na akiondolewa, watoto hubaki bila mlinzi. Mnyama aliyejengwa kustahimili ukosefu wa maji na ukosefu wa oksijeni hakuwa na kinga dhidi ya jembe na ndoano vikija kwa pamoja.

Swali la kwanza la historia hii, samaki au si samaki, halikuwa na la kusema juu ya hasara hiyo. Swali la pili, la ukame, lingeweza hata kupotosha, kwani msomaji wa maajabu ya kifuko cha ute angeweza kudhani kwamba samaki anayeishi ndani ya udongo mkavu hatadhurika kinamasi kikikaushwa. Kifuko humvusha kamongo kutoka msimu mmoja wa mvua hadi mwingine. Hakimvushi mahali ambapo maji hayatarudi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba maarifa kuhusu kamongo hayakukua kwa kurundika ukweli mmoja juu ya mwingine tu. Yalikua pia kwa kubadilisha swali. Mwanzoni mwa kipindi kilichochunguzwa, samaki huyu alitumiwa kujaribu mipaka ya uainishaji. Baadaye alifanywa shahidi wa ukame wa kale. Ni pale watafiti walipoanza kuyapima maji yenyewe, na hasa walipokaa kando ya ziwa kwa muda mrefu, ndipo alipoeleweka kama mkazi wa mahali fulani penye masharti yake.

Matokeo ya mabadiliko hayo yanakihusu kinamasi kama yanavyomhusu samaki. Maji meusi yaliyo chini ya mafunjo yana oksijeni haba kwa sababu ya mafunjo hayohayo, na haba hiyo ndiyo iliyowapa kamongo, kambare na furu wa kingoni mahali pa kujihifadhi sangara alipotawala ziwa. Mafunjo yakikatwa na maji yakiondolewa, hakuna pafu wala tamvua litakalofidia. Kwa hiyo mipango ya kukausha vinamasi inapopimwa kwa hesabu ya ekari na magunia pekee, huacha nje ya hesabu kitu ambacho sayansi ilichukua zaidi ya miaka 100 kukitambua.

Upande mmoja wa historia hii unahitaji utafiti wake. Machapisho yaliyosomwa hapa yanahifadhi majina ya waliopima na kuandika. Hayahifadhi ya waliojua kiota kiko wapi na samaki hupanda kuvuta hewa wakati gani. Simulizi za wavuvi wa Mwanza, Kisumu na Entebbe, pamoja na kumbukumbu za ukoo wa Mamba, zikikusanywa na kuchambuliwa kwa mbinu za historia simulizi, zinaweza kuonesha kama swali la tatu, lililochelewa vitabuni, lilichelewa pia kwa watu wa ziwa.